Chaki Kiganjani mwa Manzi

Mafundi wa nguo hapa Gisimenti, mtaani Remera jijini Kigali, huchora vitambaa kwa chaki. Usumani Rutayisire huchora kwa kipande cha sabuni, kile kinachobaki bafuni kikiwa chembamba hakifai tena kuogea. Wateja wapya humcheka wakidhani ni ubahili. Mimi huwaacha wacheke, maana habari ya sabuni ile si ya kumweleza mtu aliyekuja kupunguza suruali. Lakini wewe umekaa, chai unayo, basi sikiliza.

Mimi ni Mukamana, ila hapa wote wananiita Mama Ngabo. Nililelewa Karagwe, upande wa Tanzania, nikarudi Kigali nikiwa msichana mkubwa na Kiswahili changu na cherehani ya marehemu mama. Cherehani hiyo iko katika chumba cha Usumani miaka mingi sasa. Yeye anakaa upande wa barabarani anashona suti na kanzu, mimi nakaa karibu na mlango wa nyuma nashona sare za shule na vitenge. Hatujawahi kukubaliana kuhusu redio.

Usumani ni Mwislamu wa Biryogo, mtaa wa zamani wa Waislamu wa Kigali, wa asili kabisa. Babu yake mzaa baba alitoka pwani na misafara ya biashara, akaoa hapa, na jambo hilo Usumani haruhusu mtu alisahau. Matajiri wa Nyarutarama hutuma madereva wao wamchukue akawapime kwenye sebule zao, kwa sababu ana mkono, na kwa sababu ana adabu. Hapaazi sauti. Hakohoi mbele ya mteja. Hata akiwa na pini mdomoni atakusalimia kwa kuinamisha kichwa, ujue umeheshimiwa.

Kwake yeye, nyumba hujulikana kwa namna watoto wake wanavyokaa mbele ya mgeni: salamu kwa mikono miwili, macho chini, mgongo wima, kimya. Sikatai, ni malezi mazuri, na hata sisi Wakristo tunalea hivyo hivyo. Tabu inaanza pale mgeni anapopewa heshima kuliko mtoto mwenyewe.

Manzi alikuwa kitinda mimba wake, mvulana aliyempata baada ya mabinti, wakati yeye na mkewe Yasmina walishakata tamaa. Usumani alimpenda mpaka tukawa tunamtania. Kila Idi alimshonea suti ndogo inayofanana na yake, pindo kwa pindo, wakaenda msikitini baba na mwana kama watu wawili waliokatwa kwenye jora moja. Shule ikiisha mtoto alikuja kukaa dukani, akiokota pini sakafuni kwa sumaku.

Alipokuwa darasa la pili akaanza kukonyezakonyeza macho. Tukasema ni vumbi. Baadaye kichwa kikawa kinaruka upande, ghafla, kana kwamba mtu amemwita kutoka begani. Halafu ikaja sauti, mlio mfupi wa kooni, hm! hm!, mara moja, mara tena, na siku mbaya hakuna aliyeweza kuuhesabu. Mteja mmoja, mwanamke wa viatu virefu, aliuliza kama yule mtoto anamcheka. Usumani aliona aibu mpaka masikio yakabadilika rangi.

Yasmina alitaka wampeleke hospitali. "Papa Manzi, mutoto anaumwa," alisema mbele yangu, si mara moja.

"Haumwi. Ni mazoea mabaya tu," Usumani alijibu. "Samaki mkunje angali mbichi."

Mimi nikamwambia methali anazo nyingi, lakini iko nyingine inasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Aliniambia niangalie mshono wangu, unakwenda mrama. Kweli ulikuwa unakwenda mrama.

Basi akabuni dawa yake. Alimpa Manzi kipande cha chaki ya fundi, ile bapa ya buluu, akamwambia: mgeni akiingia, ikamate, ibane, na kila kinachotaka kutoka kisukume kiende kwenye chaki. Mgeni akitoka, pumzika. Na ile dawa, ajabu, ilifanya kazi. Mteja akiingia, mtoto alitulia tuli. Mteja akitoka, mtoto aliteremka ngazi za nyuma, na kwa kuwa mimi ndiye ninayekaa karibu na mlango ule, mimi ndiye niliyeona kilichokuwa kinatokea huko. Kichwa kiliruka, macho yalifumba na kufumbua, sauti zikatoka zote alizokuwa amezibana, zimeongezeka. Akirudi juu shingo inamuuma na jasho linamtiririka. Baba yake akampa pipi.

Halafu watu wa chuo kikuu wakaja.

Ilikuwa siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa. Tulikwisha kufyeka majani kando ya mtaro, tukakaa chini kusikiliza matangazo kama kawaida, na kiongozi wa mtaa akamsimamisha msichana mmoja mwenye miwani, Phiona, mtafiti. Alikulia Kampala, Kiswahili chake na Kinyarwanda chake vyote vilikuwa na lafudhi ya huko. Alieleza kwamba wanafanya utafiti kuhusu magonjwa ya ubongo na akili kwa watoto na vijana: kifafa, watoto wasioweza kutulia, wasioongea, wenye mishtuko na milio wasiyoitaka. Atakayeonekana ana shida atatibiwa bure. Nani ana mtoto wa namna hiyo?

Kimya. Ungedhani Remera nzima imezaa malaika watupu. Na mimi pale pale namjua mwenye mtoto wa kifafa, na mwingine mwenye binti asiyesema neno.

Phiona akaendelea: tunatafuta pia watoto wazima, wa kulinganisha na wale wagonjwa. Mikono ikapanda yote! Kila mtu alikuwa na mtoto mzima wa kuazima chuo kikuu. Na mkono wa kwanza, umenyooka kuliko yote, ulikuwa wa Usumani.

Siku waliyokuja nyumbani kwake Yasmina aliniita nimsaidie chai na sambusa. Usumani alivaa koti. Manzi alikuwa ameketi kwenye kiti cha peke yake, shati jeupe, ngumi ya kulia imefungwa juu ya goti. Phiona akamfanyisha michezo ya kupanga picha, akampa kitu cha kusoma, akamuuliza habari za shule. Mtoto alijibu kila kitu kwa sauti ndogo. Asubuhi nzima kichwa hakikuruka hata mara moja. Mimi nilikuwa naitazama ile ngumi, nikashindwa hata kuonja sambusa.

Kisha ikaja zamu ya mzazi kuulizwa.

"Muzehe, Manzi anasumbukaga na kitu? Kutikisa kichwa, kukonyeza macho, kutoa sauti bila kutaka?"

"Oya, oya, hapana," Usumani alicheka kidogo. "Mutoto yangu iko na adabu. Tangu umefika umesikia sauti yake?"

"Kweli, sijasikia. Iko kimya sana, masikini."

Yasmina alifungua mdomo. "Lakini akiwa na sisi..."

"Yasmina, mwongezee mgeni chai."

Akamwongezea. Phiona akashukuru, akasema Manzi iko poa kabisa, atawekwa kwa wale wazima. Akamwachia fulana ya chuo kikuu kama asante. Usumani, fundi ni fundi, aliigeuza kwanza akatazama mshono wa ndani, akaguna, halafu akamvalisha mwanawe palepale. Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni alikuja na uponyaji mkononi, akarudishwa nao mlangoni akiwa ameshiba sambusa.

Walipoondoka Manzi alifungua ngumi. Chaki ilikuwa unga, kiganja chote buluu. Alikwenda nyuma ya nyumba, kwenye bomba, na huko kilichokuwa kimezuiwa asubuhi nzima kikatoka kwa mkupuo. Yasmina alimshika mabega akilia. Usumani alisimama mlangoni anatazama. Mimi nilidhani anamhurumia. Kumbe alikuwa anapiga hesabu zake, na zilikuwa hesabu mbaya kuliko uongo wenyewe.

"Kumbe unaweza," alisema jioni ileile. "Asubuhi yote uliweza mbele ya yule dada. Sasa mbele yangu unashindwa nini?"

"Papa, inakuja yenyewe."

"Mbele ya mgeni haikuja. Unanichezea mimi?"

Tangu siku ile neno likawa hilo. Si baba tu anayesema tena, ni chuo kikuu kimepima kikakuta mtoto mzima, basi mlio ni makusudi, ni dharau. Hakumpiga sana, nisimsingizie. Alifanya jambo baya zaidi: alimnyima maneno. Mlio ukitoka mezani, Usumani alisukuma sahani akainuka. Mlio ukitoka dukani, alizima cherehani akasubiri, bila kumtazama, mpaka mtoto aondoke. Idi iliyofuata alishona suti moja tu. Nilimwambia Usumani wewe ni mjinga, mtoto haigizi, nimemwona ngazi za nyuma wakati hakuna wa kumwigizia. Alinijibu kwamba mimi sijasoma kuliko watu wa chuo kikuu. Kwa hasira nikaongeza sauti ya redio.

Manzi akajifunza kubana na nyumbani. Alibana shuleni, akabana mezani, akabana msikitini. Mtoto anayetumia nguvu zake zote kubana, za kusikiliza mwalimu atazitoa wapi? Akashuka darasani, akakonda, akawa mkali kwa dada zake. Alipobalehe, Yasmina alimfungia nguo kwenye mfuko, akampeleka Masaka, pembezoni mwa mji, kwa mdogo wake Kayitesi, mjane mwenye kishamba cha migomba na maharage. Usumani hakumzuia. Alisema tu, "Aende, labda jembe litamtoa hayo makusudi."

Nilikwenda kumwona huko mwaka uleule. Nilimkuta kwenye maharage anapura, kichwa kinaruka kinavyotaka, sauti hm! hm! inakwenda na fimbo, na anacheka kwa nguvu na shangazi — kwa kweli ni mama mdogo, lakini yeye humwita shangazi. Mlio ukitoka Kayitesi hata hageuki. Nilimuuliza Manzi, vipi huku?

"Huku hakuna mgeni, tanti," alisema.

Nilirudi nikamwambia Usumani. Alipiga pasi kola moja mara nyingi kuliko inavyohitaji.

Miaka ikapita, Manzi akawa kijana wa kidevu chenye vinyweleo. Watu wa chuo kikuu wakarudi kutupa majibu ya utafiti wao, kwenye ukumbi wa sekta. Usumani alialikwa kama mzazi wa mtoto mzima. Alivaa suti yake nzuri na akanivuta niende naye, maana Yasmina alikataa katakata kukanyaga pale. Phiona sasa alikuwa daktari, ameongezeka mwili na heshima. Alisema jambo ambalo sikutegemea msomi kulisema: kwamba walikosea. Walikuja majumbani kama wageni, na watoto wetu wamefundishwa kukaa vizuri mbele ya mgeni, kwa hiyo waliandika wazima watoto wengine ambao si wazima. Walipoanza kukaa na familia siku nyingi, wakizoeleka mpaka wanatumwa kuteka maji, ndipo mambo yalipoanza kuonekana.

Usumani alinyoosha mkono. Nilishangaa, nikafikiri anataka kuwasahihisha.

"Daktari, mimi nina swali. Kama mutoto anaweza kuzuia mbele ya mgeni, si anaweza kuzuia na mbele ya papa yake?"

"Muzehe, wewe unaweza kuzuia chafya?"

"Kidogo naweza."

"Ukizuia, inaenda wapi?"

Watu wakacheka. Usumani naye akatabasamu. "Inangoja."

"Basi na yake inangoja. Anazuia shuleni, anazuia kwa watu, anachoka kabisa. Akifika nyumbani anafungua. Hafungui mbele ya kila mutu, anafungua mbele ya mutu anamwamini. Ukiona mutoto anafungua mbele yako, si dharau. Ni kwamba kwako ndiyo nyumbani."

Tabasamu la Usumani lilibaki usoni muda kidogo baada ya kumtoka moyoni, kisha likaondoka. Wengine waliuliza maswali yao, mkutano ukaisha, watu wakagawiwa soda. Yeye alikwenda mbele akamwambia Phiona kwa sauti ya chini: "Mutoe Manzi wangu kwa wazima. Nilidanganya."

Phiona hakumgombeza. Alisema amlete, msaada bado upo, yapo mazoezi na zipo dawa, na wengi hupungukiwa wakikua. Ila dawa ya kwanza, alisema, ni mahali ambapo hatakiwi kuzuia.

Njiani Usumani alisimama kando ya barabara, nje ya baa ya brosheti, moshi wa nyama unatupita, watu wanatupita. "Mama Ngabo," alisema, "alikuwa ananiamini. Miaka yote ile alikuwa ananiamini, na mimi nikamwadhibu kwa hilo." Akalia palepale, mtu asiyekohoa mbele za watu. Nilimshika mkono tukaenda. Siku iliyofuata nilikuta boksi la chaki kwenye pipa la taka, na kipande cha sabuni juu ya meza.

Jumapili tulichukua moto mbili, hizi pikipiki za abiria, mpaka Masaka. Usumani alikuwa amebeba suti kwenye mfuko, ameishona kwa kukisia vipimo, na njia nzima aliikumbatia isikunjike.

Kayitesi alitufungulia. Manzi alitokea nyuma ya migomba, jembe begani, na kabla hajatuona nilisikia mlio wake, hm!, mwepesi tu, wa mtu anayewaza yake. Kisha akatuona. Mlio ukakatika.

Aliweka jembe chini. Akanawa. Akaja kumsalimia baba yake kwa mikono miwili, macho chini. Akamletea kiti kile kizuri cha ndani, akakipangusa. Akaenda dukani kwa mbio akarudi na Fanta baridi, akaifungua, akaimimina kwenye glasi, akaketi mkabala naye kwenye benchi, mgongo wima. Ngumi ya kulia ilikuwa juu ya goti. Chaki huko hakuna, nadhani alibana punje ya haragwe. Wageni wote wa Usumani, katika maisha yake yote ya ukarimu, hakuna aliyewahi kupokewa vizuri kuliko alivyopokewa yeye siku ile na mwanawe.

"Manzi," alisema Usumani, "mbabarira, mwanangu. Nisamehe. Daktari ameniambia. Hukuwa unanichezea."

"Hakuna shida, papa."

"Basi fungua. Iache itoke. Mimi siko mgeni, niko papa yako."

"Niko sawa, papa."

"Nitakaa hapa. Nitakaa mpaka uzoee. Hata siku nzima."

"Karibu sana, papa," alisema Manzi kwa adabu kamili, na mshipa wa shingo ulikuwa umesimama.

Usumani alikaa. Aliuliza habari za shamba, akajibiwa. Aliuliza habari za shule, akajibiwa. Akatoa suti, na kijana akaishukuru, akasema ni nzuri sana, akaikunja vizuri juu ya magoti bila kuijaribu. Jasho lilikuwa linamtoka kijana kwenye paji la uso, linafika kwenye nyusi, naye halifuti, maana mkono mmoja umeshika suti na mwingine umefungwa. Kayitesi alikuwa mlangoni anamtazama Usumani.

Na Usumani akaona. Hilo nampa, aliona mwenyewe, hakuambiwa na mtu. Aliitazama ile ngumi, akatazama jasho, kisha akaiweka glasi chini ikiwa bado imejaa.

"Mama Ngabo, tumesahau ile kanzu ya Ijumaa," alisema. "Wacha twende."

Hakukuwa na kanzu yoyote ya Ijumaa. Manzi aliinuka, akatusindikiza mpaka getini kama mtoto aliyelelewa vizuri, akaagana nasi kwa mikono miwili. Akafunga geti taratibu.

Vijana wa moto walikuwa wanangoja. Nilikuwa nimekwisha vaa helmeti, lakini Usumani hakupanda, alisimama kando ya ukuta. Tukasikia miguu ikikimbia kuelekea nyuma ya nyumba, halafu kule nyuma ikaanza, hm! hm! hm!, moja juu ya nyingine, na sauti ya Kayitesi ikisema pole, pole mwanangu, toa yote. Ilichukua muda mrefu. Usumani alisikiliza, mkono ameuweka ukutani.

Anaenda tena kila mwezi. Anakaa kidogo, akiona jasho anaaga. Yasmina ananiambia siku moja mtoto atazoea, nami husema inshallah pamoja naye ingawa si dini yangu. Siku ile, sauti zilipopungua, Usumani alinigeukia macho yamejaa maji na kufunga kamba ya helmeti.

"Twende haraka," alisema. "Akijua tuko hapa ataacha."